"Thibitisha kwanza, mengine utayajua ukifika": siku 11 za mwombaji mmoja kabla ya kukubali nafasi ya chuo

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wa taaluma na wazazi wanaoletewa barua ya udahili mezani wakaulizwa, "Sasa tufanyeje?" Majina ya watu, vyuo na miji nimeyaondoa. Kiasi cha fedha nimekizungusha kidogo, ila hesabu zenyewe ziko kama zilivyokuwa. Mwombaji mwenyewe na mama yake wamesoma andiko hili na wamekubali litoke.

Usuli

Binti alimaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB katika shule ya serikali ya bweni. Alipata C ya Kemia, C ya Bioloji na E ya Fizikia, yaani Daraja la Pili, pointi 11. Si matokeo ya kuitwa Ikulu, lakini yanafungua milango ya kozi nyingi za afya na za ualimu.

Mama yake anauza dagaa sokoni katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Baba alishafariki. Mdogo wa marehemu, yaani baba mdogo wa binti, ndiye aliyeahidi kusaidia ada, na kama ilivyo kawaida, anayetoa fedha hutoa na maoni.

Maombi yalifanyiwa steshenari. Jambo hili linapita masikioni kama dogo, kwa hiyo nalirudia: maombi ya vyuo vinne yalijazwa na kijana wa steshenari, kwa barua pepe ya kijana wa steshenari, kwa nywila anayoijua yeye peke yake. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya baba mdogo. Binti alipotoka pale alikuwa na risiti na matumaini, basi.

Kwa wasiofuatilia: zamani maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na aliyechaguliwa zaidi ya sehemu moja anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Asipothibitisha ndani ya muda, nafasi inaondoka. Akithibitisha, nafasi za vyuo vingine zinaachiwa watu wengine. Kubatilisha kunawezekana wakati dirisha liko wazi, lakini ni safari nyingine ya kuomba na kusubiri.

Binti alichaguliwa sehemu mbili. Chuo binafsi kilimpa Shahada ya Sayansi za Maabara ya Tiba. Chuo cha umma kilimpa Shahada ya Ualimu wa Sayansi, Bioloji na Kemia, kwa ada isiyofika nusu ya ile ya kwanza. Yeye alitaka maabara. Baba mdogo alitaka ualimu, "kazi ya uhakika." Mimi ni mwalimu, hapo nilinyamaza.

Walikuja kwangu Ijumaa jioni, binti na mama yake, barua ya udahili imekunjwa mara nne ndani ya kanga. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa linafungwa Jumanne ya wiki iliyokuwa inafuata ile inayoanza. Siku 11.

Namba iliyopotea

Jumamosi yote ilikwisha kwa jambo ambalo halikuwa swali la chuo. Namba ya kuthibitisha ilikuwa imetumwa kwenye laini ya baba mdogo, na laini hiyo aliibiwa pamoja na simu stendi wiki mbili kabla. Mfumo wa chuo unaruhusu kuomba namba itumwe upya, ila sharti uingie kwenye akaunti. Nywila ilikuwa steshenari. Kijana wa steshenari akataka shilingi 5,000 "ya kufungua akaunti."

Mama alitaka kugomba. Nikamwambia tulipe, tukashika akaunti, tukabadilisha barua pepe, nywila na namba ya simu palepale mbele yake. Zile 5,000 zilikuwa za dhuluma, lakini ugomvi wa siku mbili ungetugharimu zaidi. Baba mdogo naye akaenda kurudisha laini yake, asubuhi hiyo hiyo.

Maswali 24 kwenye kaunta buku

Jumapili baada ya ibada tulikaa barazani kwangu. Nilimpa binti kaunta buku, nikamwambia aandike kila swali linalomsumbua yeye, mama yake na baba yake mdogo, bila kuchagua. Yalifika 24. Baadhi nayanukuu kama yalivyoandikwa:

"Chuo kizuri?"

"Ada yote ni ngapi, siyo ile ya kwenye tangazo."

"Nitapata mkopo asilimia ngapi?"

"Nikimaliza nitapata kazi?"

"Maabara zao zina vifaa au tutachora tu?"

"Akiumwa usiku nani atampeleka hospitali?" Hili lilikuwa la mama.

Kisha tukayapanga kwa kuuliza mwenye jibu la kila swali ni nani. Tisa majibu yake yalikuwa tayari yamechapishwa: kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, kwenye barua yenyewe, na kwenye fomu ya kujiunga ambayo hakuna aliyeifungua kupita ukurasa wa pili. Kama programu imesajiliwa, inachukua miaka mingapi, sifa zake ni zipi. Waliofuatilia udahili wa mwaka 2017 wanakumbuka TCU ilivyovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vingine kuzuiwa programu chache tu, kwa hiyo kuangalia programu yenyewe, mbali na jina la chuo, ni kazi ya dakika tano isiyo na udhuru.

Nane hayakuwa ya chuo kabisa. Kiasi cha mkopo ni cha Bodi ya Mikopo, HESLB. Usajili wa kitaaluma baada ya kuhitimu ni wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Ajira haina ofisi ya kuijibia. Kukiuliza chuo mambo haya ni kukiomba kikuahidi kitu kisicho chake, na baadhi ya maofisa wataahidi.

Yalibaki sita ambayo chuo pekee kingeweza kuyajibu. Na moja, la mama, tuliliacha. Niliona ni la wasiwasi wa mzazi tu, litajijibu lenyewe. Nitalirudia huko mbele.

Wiki ya kutafuta majibu

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi tulipiga namba iliyoandikwa kwenye barua. Iliita mara mbili bila kupokelewa. Mara ya tatu akapokea kijana wa udahili, mpole tu, nyuma yake tukisikia foleni ya watu. Binti alianza vizuri, "Shikamoo, naomba kuuliza kuhusu kozi ya maabara," kisha akamwaga maswali manne kwa pumzi moja. Jibu likawa: "Dada, wewe thibitisha kwanza, mengine utayajua ukifika."

Simlaumu yule kijana. Alikuwa na simu mkononi na foleni dirishani, na swali alilopewa halikuwa na mkia wala kichwa. Lakini ushauri wake ulikuwa unaihudumia foleni yake, haumhudumii binti. Hapo tulifanya uamuzi wa kwanza: hatuthibitishi mpaka Jumapili jioni, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, na Jumapili jioni tutaamua kwa majibu tuliyonayo, yawe kamili au nusu. Siku mbili tuliziacha kwa ajili ya mtandao kugoma, maana siku ya mwisho mifumo hii huelemewa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kuandika. Binti alitaka aandike Kiingereza, aonekane msomi. Nikamwambia atakayelipa ni mama, na mama lazima asome jibu mwenyewe. Barua pepe ilikwenda Jumatatu saa tano, kwa Ofisi ya Udahili, nakala kwa Mkuu wa Kitivo:

"Mimi ni mwombaji niliyechaguliwa dirisha la kwanza, namba yangu ya maombi iko hapo juu. Nataka kuthibitisha nafasi hii kabla ya Jumapili, na ninaomba majibu ya mambo sita:

1. Programu hii inafundishwa kampasi ipi, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho?
2. Natakiwa niwe nimelipa jumla ya shilingi ngapi ili nisajiliwe muhula wa kwanza?
3. Mkopo ukichelewa na ada ya muhula haijakamilika, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya mitihani?
4. Wahitimu wa kwanza wa programu hii walitoka mwaka gani, na wamesajiliwa na Baraza?
5. Mafunzo kwa vitendo yanafanyika hospitali zipi, na nauli na malazi analipa nani?
6. Je, kuna hosteli za wasichana?"

Linganisheni swali la 2 na la 6. La 2 jibu lake ni namba moja, halina pa kujificha. La 6 jibu lake ni "ndiyo." Nililiacha lipite kwa sababu hatukuliona kuwa zito. Barua ya udahili ilikuwa na anwani ya jiji ambalo shangazi yake binti anaishi, na hesabu yote ya familia ilisimama juu ya shangazi: atalala kwa shangazi, atakula kwa shangazi, hosteli ni ya akiba tu.

Jumatano Ofisi ya Udahili ilijibu maswali mawili. La 6: "Hosteli zipo, shilingi 300,000 kwa mwaka." La 2 wakaambatisha mchanganuo wa malipo. Tuliukalia na kalamu nyekundu. Ada kwa mwaka ni 2,800,000, ndiyo ile ya kwenye tangazo. Chini yake kuna usajili 50,000, kitambulisho 10,000, serikali ya wanafunzi 15,000, tozo ya uthibiti ubora ya TCU 20,000, bima ya afya 50,400, mitihani 150,000, maabara 200,000 na amana ya tahadhari 50,000. Jumla ya hayo madogo madogo ni 545,400. Yote yanalipwa kwa mkupuo, pamoja na nusu ya ada. Kwa hiyo jibu la swali la 2 lilikuwa 1,945,400.

Mama aliisoma ile namba, akaifunika kwa kiganja. Alikuwa na 1,100,000 kwenye kikoba, lakini kikoba chao kinavunjwa Desemba, na chuo kinafunguliwa kabla. Baba mdogo aliahidi 600,000. Yaani hata kikoba kingevunjwa siku ile, pengo lingebaki 245,400.

Alhamisi mchana simu ikaita. Alikuwa mratibu wa programu, mhadhiri, aliyeletewa ile nakala na Mkuu wa Kitivo. Alipotambua anaongea na mwalimu akalegea: "Mwalimu mwenzangu, haya maswali wangeuliza wote tusingekuwa na vilio mwezi wa kumi na moja." Alizungumza dakika kumi na tisa, na ndani yake kulikuwa na habari zaidi ya nyaraka zote tulizokusanya. Wahitimu walishatoka mikupuo kadhaa na aliowafuatilia wamesajiliwa. Hospitali za mafunzo alizitaja kwa majina; nauli na malazi ni juu ya mwanafunzi, na waliopata mkopo wenye kipengele cha mafunzo kwa vitendo huwa wanapumua. Kuhusu malipo alisema jambo lisiloandikwa popote: mzazi akiandika barua kwa Idara ya Fedha, ada inaweza kugawanywa awamu nne badala ya mbili.

Kisha akajibu swali la 1. Programu ilishahamishiwa kampasi nyingine, mkoa mwingine. Anwani iliyo juu ya barua ni ya makao makuu tu.

Shangazi akawa ametoka kwenye hesabu.

Jambo hili si la chuo kimoja, wala si ulaghai. Mtu anaweza kusema "nimepata Mzumbe" akawa anakwenda Mbeya wala si Morogoro, na anayesomea ualimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuwa Chang'ombe au kuwa Mkwawa, Iringa. Mwongozo wa TCU huziorodhesha kampasi na vyuo vishiriki kila kimoja mahali pake. Sisi tulisoma programu kwenye mwongozo, jina la mji hatukulisoma. Hilo lilistahili kukaa pamoja na yale maswali tisa yenye majibu tayari, sisi tukalipanga kundi lisilo lake.

Jioni ile ile mama aliandika barua ya kuomba awamu nne kwa mkono wake, tukaipiga picha tukaituma. Ijumaa saa tisa alasiri jibu likaja: imekubaliwa, awamu mbili kila muhula, tozo nyingine zote kwa mkupuo. Malipo ya kusajiliwa yakashuka hadi 700,000 na 545,400, jumla 1,245,400.

Siku hiyo hiyo tulimtuma mtu. Mwanafunzi wetu wa zamani anafanya kazi katika ule mji wa kampasi. Alipanda bodaboda akaenda, akasalimiana na wanafunzi wa mwaka wa pili, wakamwingiza maabara. Ujumbe wake wa sauti ninao bado: "Mwalimu, nimehesabu hadubini ishirini na mbili zinazofanya kazi. Darasa lao wako tisini na kitu. Wanasema wanaingia kwa zamu, makundi manne. Mwalimu wao mkali ila anafundisha." Kwangu huo ndio ulikuwa ushahidi bora wa wiki nzima. Si kwa sababu namba ilikuwa nzuri, hata haikuwa nzuri sana, bali kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyesimama ndani ya chumba kile.

Uamuzi wa Jumapili

Mkopo ulikuwa haujulikani na usingejulikana. Hapa ndipo wazazi wengi wanapochanganyikiwa: Bodi hupanga mikopo kwa waliokwisha kudahiliwa, kwa hiyo unatakiwa kuikubali nafasi kabla ya kujua kama utaweza kuilipia. Hakuna barua pepe ya kuubadilisha mpangilio huo. Tulichofanya ni kuandika hesabu tatu: mkopo usipotoka kabisa, ukitoka nusu, ukitoka wote. Kwa nusu na kwa wote, maabara iliwezekana. Mkopo usipotoka, iliwezekana muhula wa kwanza tu, na baada ya hapo mama angelazimika kutumia fedha za kikoba Desemba, halafu kusimama.

Ualimu kwenye chuo cha umma uliwezekana kwa hesabu zote tatu. Nililisema hili wazi mbele ya wote, na nikasema pia kwamba kama ningekuwa mimi ningeangalia huko. Binti akauliza kitu kimoja tu: "Mwalimu, wewe uliupenda ualimu kabla au baada?" Nikajibu baada, tena sana baada. Baba mdogo akacheka, na mchezo ukaishia hapo.

Waliamua maabara. Baba mdogo angetoa 600,000 yake. 645,400 zilizobaki mama angezikopa kikobani kwa dhamana ya hisa zake, ili asisubiri kuvunja. Namba ya kuthibitisha ilijazwa Jumapili saa kumi na mbili jioni, kwenye simu ya binti mwenyewe, na tukapiga picha ya skrini iliyosema udahili umethibitishwa.

Kilichotokea

Alisajiliwa wiki ya kwanza kwa 1,245,400 kama tulivyokubaliana. Jina lake halikuwemo kwenye awamu ya kwanza ya mikopo. Lilitoka awamu ya pili, sehemu ya ada pamoja na chakula na malazi. Kwa upande wa fedha za chuo, makadirio yetu ya "nusu" yalikaribia sana.

Tulikosea hosteli.

"Hosteli zipo" lilikuwa jibu la kweli, kuhusu makao makuu. Ofisi ya Udahili iko makao makuu, na aliyejibu aliangalia majengo anayoyaona dirishani kwake. Kampasi aliyokwenda binti ina jengo moja la wasichana lenye vitanda 64, na vitanda hivyo vinagawiwa kwanza kwa waliolipa ada ya muhula yote. Ule unafuu wa awamu nne tulioufurahia ndio uliomtupa mwisho wa foleni. Alilala siku tano kwa msichana aliyekutana naye kwenye basi, kisha akapata chumba mtaani, 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita. Shilingi 240,000 ambazo hazikuwa kwenye hesabu yoyote kati ya zile tatu. Mama alizitoa kwenye mtaji wa dagaa, na meza yake sokoni ilikaa tupu karibu wiki tatu.

Uchambuzi

Kuhusu yaliyofanya kazi nitasema machache. Nakala kwa Mkuu wa Kitivo ndiyo iliyoleta simu ya Alhamisi. Bila nakala ile tungebaki na majibu mawili kati ya sita. Ofisi ya udahili inajua taratibu, lakini anayejua programu inafundishwa wapi na kwa vifaa gani ni anayeifundisha. Kutaja tarehe yetu kwenye barua pia kulisaidia, kwa sababu anayejibu alijua jibu la wiki ijayo halina kazi. Na namba ya maombi juu ya barua ilimfanya binti awe faili lenye jina.

Kosa la hosteli linahitaji kukaliwa, kwa sababu halikuwa kosa la kutouliza. Tuliuliza, kwa maandishi, tukajibiwa kwa maandishi, na bado tukaumia.

Kwanza, swali lilikuwa legevu. "Kuna hosteli?" linaulizia majengo. Tulichohitaji kujua ni kama binti huyu, anayelipa kwa awamu, katika kampasi hii, atapata kitanda, na nani hupewa kwanza. Ningeliandika hivyo lisingejibika kwa "zipo."

Pili, na hili ndilo lililoniuma, mpangilio wa majibu ulituponza. Jibu la hosteli lilikuja Jumatano, wakati bado tuna shangazi. Jibu la kampasi lilikuja Alhamisi likamwondoa shangazi. Pale pale swali la 6 lilipanda kutoka la mwisho likawa la kwanza, ila kwenye kaunta buku lilikuwa tayari limetiwa alama ya vema, na hatukurudi nyuma kulifuta. Ijumaa mtu wetu alikuwa amesimama ndani ya kampasi ile ile, hatua chache kutoka kwenye jengo lenye vitanda 64, na sikumwagiza aulize. Nilimtuma akahesabu hadubini.

Tatu, awamu nne. Tulipopewa unafuu tulishukuru tu. Hatukuuliza unafuu huo unaondoa nini. Mratibu hakutuficha; mambo ya vitanda si yake. Idara ya Fedha nayo haikutuficha. Iliulizwa kuhusu ada, ikajibu kuhusu ada. Kila ofisi ilisema kweli ya dirisha lake.

Na kuna lile swali la mama. "Akiumwa usiku nani atampeleka hospitali?" Niliwahi kudhani ni swali lisilo na adabu ya kiofisi. Sasa naliona kuwa lilikuwa toleo bora la swali la 6. Mtu wa udahili angeulizwa hilo, angelazimika kuuliza kwanza: atakuwa analala wapi? Na hapo kampasi, kitanda na foleni ya kitanda vingetoka vyote kwa wakati mmoja. Mama alikuwa anamwona mwanawe usiku, mahali fulani, akiwa peke yake. Mimi nilikuwa naona kipengele cha malipo.

Steshenari sina la kuongeza, isipokuwa kwamba shuleni kwetu sasa kila mhitimu anafungua barua pepe yake kwenye chumba cha kompyuta kabla ya kuondoka, na nywila anaiandika nyuma ya daftari lake, si langu.

Kuhusu uamuzi wenyewe, maabara dhidi ya ualimu, siwezi kuuhukumu kwa matokeo ya mwaka mmoja. Waliuchukua wakijua muhula wa pili ulikuwa hatarini, na wakajua kwa namba. Ningependa wangechagua upande wenye nafasi zaidi ya kukosea, lakini mkopo ungekosekana kabisa, bado wangejua siku gani wasimame.

Linabaki swali la 3, la mitihani wakati ada haijakamilika. Kati ya sita, ndilo pekee ambalo halikujibiwa na mtu yeyote, si kwa barua wala kwa simu. Mratibu alipolifikia alisema, "Hilo waulize Fedha." Fedha walipojibu barua ya mama walilipita. Wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza sehemu ya ada kutoka Bodi ilikuwa haijaonekana kwenye akaunti yake ya chuo, na binti alikuwa kwenye mstari wa watu kama arobaini nje ya dirisha la mhasibu, ameshika ile barua ya awamu nne ndani ya plastiki isilowe mvua. Mhasibu aliisoma, akaigeuza nyuma kuangalia kama kuna kitu kingine, akagonga muhuri kwenye kibali cha mtihani. Aliyekuwa nyuma yake, ambaye hakuwa na barua, aliambiwa arudi Jumatatu.